Mbegu Kumi Kibuyuni

Uchambuzi wa maamuzi ni utaratibu wa kuuvunja uamuzi mgumu vipande vipande ili kila kipande kipimwe peke yake: njia zilizopo ni zipi, kila njia inaweza kuzaa nini, kila zao lina uwezekano wa kiasi gani, na likitokea litamfaa au kumuumiza nani. Jina hilo lilienea miaka ya 1960 kupitia kazi za Ronald Howard wa Chuo Kikuu cha Stanford na Howard Raiffa wa Harvard, ambaye kitabu chake cha mwaka 1968 kiliwazoesha mameneja kuchora mti wa uamuzi na kuweka namba kwenye kila tawi. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mwanafunzi wa sekondari anaimudu. Uzito uko kwenye dai la kifalsafa lililo chini yake, kwamba ubora wa uamuzi ni jambo moja na ubora wa matokeo ni jambo jingine. Mtu anaweza kuamua vyema akapata hasara, na mwingine akaamua ovyo akavuna.

Dai hilo halimezeki kirahisi mahali popote. Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri, Othaya na Karatina hadi Kerugoya na Embu, linakwama kooni kwa sababu ya pekee: watu wake wameishi vizazi kadhaa kwa kutegemea mazao ambayo bei yake hupangwa na watu wasiowaona na hali ya hewa ya nchi wasizozijua. Mpango wa kilimo wa kikoloni ulioitwa Swynnerton, wa mwaka 1954, uliwafungulia Waafrika wa Mkoa wa Kati kilimo cha kahawa kwa wingi, na tangu hapo ukulima wao umekuwa pia ubashiri. Julai 1975 sakitu iliteketeza mikahawa ya jimbo la Paraná, Brazili. Kahawa iliyokuwa ikiuzwa New York chini ya dola 1 kwa ratili ilipita dola 3 mwaka 1977. Mkulima wa Tetu, Nyeri, aliyekuwa ameitelekeza mikahawa yake mwaka 1974 akaonekana mjinga. Jirani yake aliyeendelea kupalilia kwa mazoea tu akaonekana mwenye maono. Hakuna kati yao aliyekuwa na habari za Paraná. Kisha Julai 1989 mfumo wa mgao wa mauzo uliosimamiwa na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, bei zikaporomoka ndani ya miezi michache, na sifa zikageuka: aliyepanda miche mipya mwaka uliotangulia sasa ndiye aliyekosa akili.

Desturi hii ya kumpima mtu kwa kilichomfika imechunguzwa na wanasaikolojia. Mwaka 1988 Jonathan Baron na John Hershey walichapisha majaribio ambamo watu walielezwa maamuzi yaleyale, ya madaktari miongoni mwa wengine, kwa habari zilezile, tofauti ikiwa mwisho tu: mgonjwa kapona au kafa. Walioambiwa mgonjwa kapona waliusifu uamuzi, na walioambiwa kafa waliulaumu, ingawa wengi wao wakiulizwa walikubali kwamba mwisho haukupaswa kuhesabiwa. Mkutano mkuu wa chama cha ushirika hufanya jaribio hilo kila mwaka bila kulipwa. Kiwango cha malipo kwa kilo ya matunda ya kahawa husomwa, hulinganishwa na cha kiwanda cha ng'ambo ya mto, na hatima ya kamati huwa imekwisha kuamuliwa kabla mwenyekiti hajafungua mdomo.

Mfano uliojadiliwa sana Nyeri ni wa mwaka 2013. Serikali ya kwanza ya kaunti, chini ya Gavana Nderitu Gachagua, ilivitaka vyama vya ushirika viunganishe kahawa yao na kuiuza moja kwa moja kwa wanunuzi wa ng'ambo badala ya kuipitisha kwenye mnada wa Nairobi. Hoja ilikuwa nzito: kati ya kikombe kinachouzwa Ulaya na mkulima wa Mathira kuna mikono mingi, na kila mkono hubakisha chake. Utekelezaji uligeuka mabishano, kahawa ikakawia kuuzwa, malipo yakachelewa, na wakulima wengi wakahitimisha kwamba wazo lilikuwa baya tangu mwanzo. Hitimisho hilo linaweza kuwa sahihi, lakini kuchelewa kwa malipo pekee hakulithibitishi. Kinachohitajika ni kujua kama hatari ya kukawia ilikadiriwa kabla, kama ilifikiriwa kuanza na sehemu ya mazao tu, na kama kulikuwa na mlango wa kurudi nyuma. Hayo ni maswali kuhusu uamuzi. Kiasi kilicholipwa ni swali kuhusu msimu.

Ugumu wa kwanza wa kuutenga uamuzi na matokeo ni lugha. Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya mashaka: huenda, pengine, labda, yamkini, Mungu akijalia. Yote yanafaa barazani, na yote hufanya fujo katika chumba cha kamati. Wajumbe watatu wanaweza kukubaliana kwamba bei "huenda ikapanda" huku mmoja akimaanisha mara mbili kati ya kumi, wa pili nusu kwa nusu, na wa tatu karibu hakika. Wanatoka wakidhani wameafikiana. Mchambuzi hujaribu kuwatoa hapo kwa chombo rahisi: kibuyu, au mfuko wowote, wenye mbegu kumi, tatu nyekundu na saba nyeupe. Mjumbe huulizwa angependa zawadi yake itegemee kipi, kupanda kwa bei au kuchomoa mbegu nyekundu akiwa amefumba macho. Akichagua bei, nyekundu huongezwa. Akichagua kibuyu, hupunguzwa. Pale anaposhindwa kuchagua, "huenda" yake imepata namba.

Watu wa mlimani wana haki ya kutabasamu wanapoona kibuyu hicho. Mundu mugo wa Wagikuyu, mganga aliyeendewa kabla ya safari, ndoa au matibabu, naye alimwaga mbegu na kokoto kutoka kibuyuni na kuzihesabu. Vyombo vinafanana, kazi zinapishana. Kwa mundu mugo mbegu zilitoa jibu, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na mkono wa wahenga na wa Ngai, yaani Mungu, mwenye makao yake Kirinyaga, ndio Mlima Kenya. Kwa mchambuzi mbegu hazijui chochote. Zinapima tu ukubwa wa imani ya anayeulizwa. Maana hii ya uwezekano, yaani kadiri ya imani inayoonekana katika dau ambalo mtu yuko tayari kulikubali, iliwekewa msingi na Mwingereza kijana Frank Ramsey katika insha aliyoiandika mwaka 1926. Haitakiwi kudharau kibuyu cha mundu mugo. Jibu lililotoka kwa mbegu halikuwa na mwenyewe, kwa hiyo halikumwachia mtu lawama, na ukoo uliogawanyika ungeweza kulipokea bila mmoja kumshinda mwenzake. Kamati nyingi za leo zinatafuta faida hiyohiyo zinapomlipa mshauri wa nje aje aseme kile ambacho mwenyekiti anakijua tayari.

Namba iliyotoka kibuyuni haigandi: hurekebishwa kila habari mpya inapoingia, na kanuni ya kufanya hivyo ina historia ya kanisani. Thomas Bayes, aliyefariki mwaka 1761, alikuwa mhubiri wa Kipresbiteri wa Uingereza, na insha yake ilitolewa mwaka 1763 na rafiki yake Richard Price, mhubiri pia. Wapresbiteri wa Tumutumu, ambao misheni yao ilianzishwa mwaka 1908, wana hisa kubwa katika hesabu hii kuliko mahubiri yao yanavyoonyesha.

Namba zikipatikana, mti unaweza kuchorwa. Tuseme chama cha kubuni kina magunia 1,000 ya kahawa safi, ya kilo 50 kila moja. Mnunuzi wa moja kwa moja anatoa dola 300 kwa gunia, leo. Njia ya pili ni kungoja mnada miezi miwili. Kamati, baada ya zoezi la kibuyu, inakadiria kwamba kuna uwezekano wa asilimia 30 bei ifike dola 380, asilimia 40 ibaki kwenye 310, na asilimia 30 ianguke hadi 210. Kila bei ikizidishwa kwa uwezekano wake na majibu kujumlishwa, wastani ni dola 301. Ghala na riba ya mkopo vitakula dola 8 kwa gunia. Kungoja, basi, kuna thamani ya 293, na kuuza leo 300.

Meneja mvivu angesimama hapo na kutangaza kwamba hesabu imeamua. Kumbe kazi yenye faida ndiyo inaanza. Swali linalofuata ni namba ipi ikisogezwa itaugeuza uamuzi. Tawi la katikati likiachwa kwenye asilimia 40, uwezekano wa bei kupanda ukifika takriban asilimia 34 badala ya 30, njia mbili zinalingana. Ukipita hapo, kungoja kunashinda. Hakuna binadamu, wala dalali wa Nairobi, anayeweza kutofautisha asilimia 30 na 34 ya jambo la miezi miwili ijayo. Wajumbe waliokuwa wakigombana usiku kucha juu ya mwelekeo wa bei walikuwa wakigombania kitu kisichoweza kuamua ubishi wao. Wakilitambua hilo, wanaweza kuhamia kwenye kinachozitenganisha njia hizi kweli: kuuza leo kuna bei moja tu, na kungoja kunaweza kuleta 372 au 202 baada ya gharama.

Mti huo hujibu pia swali la bei ya unabii. Kama kungekuwa na mtu anayejua bila kukosea bei itakwendaje, chama kingengoja inapopanda au kubaki, na kingeuza leo inapokaribia kuanguka. Wastani ungekuwa dola 322.40. Ziada juu ya 300 ni dola 22.40 kwa gunia, sawa na 22,400 kwa magunia yote. Hata nabii asiyekosea kamwe asilipwe zaidi ya hapo, na mshauri anayekosea mara kwa mara alipwe kidogo sana. Hesabu hii ya thamani ya habari ni miongoni mwa zawadi bora za uchambuzi wa maamuzi kwa meneja, na inashangaza jinsi inavyotumika mara chache.

Zawadi nyingine ni njia ambayo haikuwa mezani. Matawi yakishachorwa, huwa vigumu kutouliza kwa nini magunia yote lazima yaende pamoja. Nusu ikiuzwa leo na nusu ikangoja, wastani unakuwa 296.50, lakini shimo la 202 linafunikwa hadi 251, na kilele cha 372 kinashuka hadi 336. Kama badilishano hilo linafaa, hesabu ya wastani haiwezi kusema. Linategemea mtu atakayelipwa.

Hapa ndipo pingamizi la kidini huingia, na lina sura mbili. Sura ya kwanza husema kwamba kukadiria yajayo ni kujitia katika kazi ya Mungu. Msimu wa njahi, yaani wa mvua ndefu, ukikauka, au mvua ya mawe ikipukutisha majani ya chai chini ya milima ya Nyandarua, muumini wa kanisa na wa msikiti husema ni mapenzi ya Mungu, na asilimia za mchambuzi husikika kama kiburi. Lakini mapokeo yenyewe hayasemi hivyo. Injili ya Luka ina mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza hukaa chini akapiga hesabu ya gharama, asije akachekwa kwa msingi usio na jengo. Mapokeo ya Kiislamu yanasimulia juu ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu. Aliagizwa amfunge kisha ategemee. Waislamu wana pia istikhara, sala ya rakaa mbili ya anayetaka kheri katika jambo analokusudia, na maulamaa wameiweka sambamba na kutaka ushauri wa wajuzi. Kwa mfanyabiashara wa mtaa wa Majengo anayeswali istikhara kabla ya kukodi lori, hesabu ya mafuta ni sehemu ya kumfunga ngamia.

Katika fikra hiyo, kutenga uamuzi na matokeo hakumpunguzii Mungu chochote. Kunagawa kazi. Fungu la mwanadamu ni nia, uchunguzi na kupima; fungu lisilo lake ni sakitu ya Brazili. Anayemhukumu meneja kwa bei iliyoanguka anamdai mwanadamu ujuzi wa Mungu. Anayejisifu kwa bei iliyopanda amejitwalia sifa isiyo yake, na hilo, kwa kipimo cha dini yoyote ya mlimani, ni kosa zito kuliko asilimia.

Sura ya pili ya pingamizi ina uzito zaidi. Inasema kwamba uamuzi mwema hauzaliwi na hesabu, unazaliwa na tabia. Thomas wa Akwino, ambaye mafundisho yake yalilea seminari za Kikatoliki zikiwamo zile za wamisionari wa Consolata waliofika nchi ya Wagikuyu mwaka 1902, aliigawa busara katika matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu kati ya yaliyopatikana, na kuamuru litendeke. Tendo kuu, kwake, ni la tatu. Uchambuzi wa maamuzi ni hodari katika la pili tu. Hautoi njia ambayo hakuna mjumbe aliyeifikiria, ingawa mchoro wake unaweza kuichokoza. Wala haumpi mwenyekiti ujasiri wa kusaini mkataba wakati shemeji yake ndiye dalali anayepoteza. Makosa mengi ya uongozi katika vyama vya mazao hutokea kwenye tendo la tatu: shauri lilipatikana, hukumu ilikuwa wazi, mkono haukusogea. Hakuna mti wa uamuzi unaotibu ugonjwa huo, na vitabu vya menejimenti vinavyodai kinyume vinauza dawa kwa jina lisilo lake.

Sasa kwenye swali la nani atalipwa. Daniel Bernoulli alionyesha mwaka 1738 kwamba thamani ya fedha kwa mtu hupungua kadiri anavyozidi kuwa nazo. Dola ileile ni mlo kwa mmoja na chenji kwa mwingine. Mwanachama mwenye mikahawa 150, ambaye karo ya Januari imemkalia shingoni, huumizwa na bei ya 202 kuliko anavyofurahishwa na 372. Mwenye mikahawa 3,000 na duka la dawa za mifugo Karatina anaweza kuzimeza zote mbili. Kila mmoja wao ana kura moja mkutanoni, na kahawa yao imechanganyika katika tangi moja la kuchachushia. Hivyo hakuna namba moja inayoweza kuitwa mtazamo wa chama juu ya hatari. Mbinu iliyobuniwa kwa ajili ya mwenye mali anayeamua juu ya mali yake inahamishiwa kwa watu wanaoamua juu ya mali ya wengine, na neno la Kiswahili kwa mali hiyo ni amana.

Amana hubadilisha hesabu. Mtu anaweza kucheza bahati na kilicho chake, akiwa mpumbavu tu mbele ya mkewe. Akiwa na cha mwenzake, ujasiri uleule unaweza kuwa dhuluma hata kama wastani ulikuwa upande wake. Mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo hutajwa sana katika mahubiri ya Jumapili ya harambee, kuwahimiza watu wathubutu. Watumishi wawili walifanya biashara wakazidisha, wa tatu akafukia talanta ardhini akalaumiwa. Msomaji makini hugundua kwamba katika kisa hicho hayumo mtumishi wa nne, aliyefanya biashara kwa uangalifu wote akapoteza. Bwana angemwambia nini? Mfano haujibu, na swali la kamati ya ushirika ni hilohilo. Waliolaumiwa kwa kufukia na waliosifiwa kwa kuzidisha ni rahisi kuwahukumu. Aliyepoteza kwa haki ndiye anayehitaji falsafa.

Sekta ya chai imelijibu swali la hatari kwa muundo zaidi kuliko kwa hoja. Kiwanda cha Ragati, karibu na Karatina, kilichoanza mwaka 1957, kilikuwa cha kwanza kwa chai ya wakulima wadogo, na Mamlaka ya Maendeleo ya Chai iliyoundwa mwaka 1964 ilieneza mfumo ambamo mkulima hulipwa kiasi cha kudumu kila mwezi kwa kilo ya majani mabichi, kisha hupata bonasi baada ya mwaka wa fedha kufungwa. Malipo ya mwezi hushika jiko na karo. Bonasi hubeba matumaini na hasara. Mfumo huo una lawama zake, nazo husikika upya kila msimu wa bonasi. Hata hivyo ndani yake mna wazo ambalo mti wa uamuzi hauwezi kulitoa wenyewe: kabla ya kuuliza ni hatari kiasi gani ichukuliwe, tenga kile kisichopaswa kuingizwa hatarini kabisa.

Wazo la kutenga lina mizizi mirefu zaidi mlimani. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940 na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo kwa kuwa ni mti wa Mungu. Baadaye, akiwa mwanasayansi, alielewa kwamba mizizi ya mti ule ilishika udongo wa mteremko na kuyafikia maji ya chini, na kwamba migumo ilipokatwa vijito vilikauka. Mtu aliyekaa mwaka 1950 na karatasi ya faida na hasara angeandika upande mmoja kuni, mbao na nafasi ya mashina ya chai, na upande wa pili asingekuwa na cha kuandika. Maji yasingeonekana kama hasara, kwa sababu hakuna aliyejua yanatoka wapi. Katazo lilihifadhi elimu ambayo hesabu isingeweza kuitaja.

Wachambuzi wana jibu, na ni la haki: ongeza tawi la yasiyojulikana, lipe uwezekano, songa mbele. Jibu hilo linafaa pale mtu anapojua kwamba hajui. Mwiko hufanya kazi mahali ambapo hata kutojua hakujulikani, na tena humlinda mtu dhidi ya hoja tamu ya siku moja. Tatizo la mwiko ni kwamba haujielezi, hivyo hauwezi kutofautisha mugumo unaoshika maji na desturi iliyobaki kwa sababu tu inawafaa wenye nguvu. Wasichana wa milima hii walinyimwa shule kwa uthabiti uleule uliowanyima watu kuni za mti mtakatifu. Kati ya hesabu isiyoona na katazo lisilosema, meneja analazimika kutumia vyote viwili: mipaka michache inayowekwa kabla ya namba kuingia mezani, mfano ardhi ya chama isiwekwe rehani kwa ajili ya ubashiri wa bei, na ndani ya mipaka hiyo, hesabu bila haya.

Yote haya hutegemea karatasi. Uamuzi na matokeo haviwezi kutengwa mwaka mmoja baadaye kama hakuna aliyeandika kilichojulikana siku ile. Kumbukumbu za vikao katika vyama vingi husema tu kwamba ilikubaliwa kahawa iuzwe, nani alipendekeza na nani aliunga mkono. Zinazofaa kwa kazi hii ni ndefu kidogo: njia zilizofikiriwa na kukataliwa, uwezekano uliotajwa na kila mjumbe kwa namba, habari ambazo hazikupatikana na kwa nini hazikununuliwa, jina la aliyepinga na hoja yake. Zikiwapo, mkutano mkuu unaweza kuisoma kamati badala ya kuusoma msimu. Zinaweza pia kuishtaki vikali kuliko bei yoyote, kwani kamati iliyopata bahati bila kufikiri itaonekana wazi humo.

Ukaguzi wa namba zenyewe huchukua muda mrefu. Aliyesema asilimia 30 hakosolewi na bei iliyopanda mara moja, wala hathibitishwi na bei iliyoanguka. Jambo la asilimia 30 linatakiwa litokee takriban mara tatu katika kumi. Kwa kahawa ya Nyeri, yenye msimu mmoja mkubwa kwa mwaka, kumi ni muongo mzima. Wajumbe wa kamati kwa kawaida huchaguliwa kwa zamu ya miaka mitatu, na wengi huwa wameondoka kabla makadirio yao hayajaweza kupimwa. Kinachobaki ofisini muda huo wote ni daftari na karani anayejua limewekwa kabati gani.